Farasi Mwenye Mkonga

Mdomo wa Rasmane Gampine ulifanya kazi ambayo hakuutuma. Habari yenyewe ndiyo hiyo, na kama si kamera iliyokuwa imemsogelea usoni, ingeishia palepale uwanjani Abidjan na hakuna ambaye angejua.

Ilikuwa mechi yake ya kwanza ndani ya jezi ya Burkina Faso. Beki wa kushoto, mbio kama zote, miguu myembamba, na siku ile moyo ulimdunda mpaka akahisi ile nembo ya farasi kifuani inarukaruka. Wimbo wa wageni, yaani wao, ulipigwa kwanza. Alikuwa ameusoma kwenye simu wiki nzima, bafuni, kitandani, mezani akisubiri chai. Lakini bendi ilipoanza, maneno yote yakamruka. Akaogopa kubabaisha mbele ya watu, akafunga mdomo na kukaza macho mbele. Hilo halikuwa na ubaya wowote. Wachezaji wengi hawaimbi.

Kisha ukapigwa wimbo wa wenyeji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Rasmane alizaliwa Abidjan hiyohiyo, mtaa wa Abobo, mtoto wa Wabissa waliohama kutoka Garango, Burkina Faso, kwenda Kodivaa kutafuta maisha. Kila Jumatatu asubuhi, miaka yote ya shule ya msingi, watoto walijipanga mbele ya bendera ya Kodivaa wakaimba, na mwalimu mkuu alimweka Rasmane mbele kwa sababu ya sauti yake. Asubuhi yeye ndiye anayeanzisha wimbo wa taifa; mchana, wenzake wakigombana naye kwenye mpira, wanamwambia arudi kwao. Mtoto atajuaje lipi kati ya hayo ndilo la kweli? Basi aliyabeba yote mawili, akakua nayo. Bendi ilipopiga mlio wa kwanza, mkono ukapanda kifuani wenyewe na mdomo ukafunguka. Akaimba mpaka mwisho, macho kayafumba, tena kwa raha zake.

Mechi ilikwisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Bao la Burkina alilifunga nahodha, Ferdinand Yaguibou, kwa kichwa, na krosi ilitoka mguuni kwa Rasmane. Krosi tamu ambayo kwa siku nyingine ingezungumzwa vijiweni mwezi mzima. Nani aliizungumza? Hakuna! Timu iliporudi Ouagadougou kesho yake, picha ya Rasmane akiimba ilikuwa imeshafika kila simu. Timu ya Burkina huitwa Farasi na ya Kodivaa huitwa Tembo, kwa hiyo mjuzi mmoja wa kuchezea picha akachora farasi mwenye mkonga, akambandika sura ya Rasmane. Ilichekesha kweli, tusidanganyane. Lakini chini ya picha watu hawakuwa wanacheka. "Diaspo ni diaspo tu," waliandika, maana ndivyo wanavyowaita ndugu zao waliolelewa Kodivaa. "Mrudisheni kwa wenye wimbo wake." Wengine waliapa kwamba Jumamosi, Burkina itakapocheza na Ghana pale Ouagadougou, watamzomea kila atakapogusa mpira.

Rasmane aliyasoma yote, mjinga yule, ujumbe mmoja baada ya mwingine, amekaa kwenye kitanda cha hoteli na soksi mguu mmoja. Iliuma. Abidjan aliitwa mgeni, akavumilia kwa kuwa alijua ana kwao. Sasa kwao ndiko wanamwambia hayupo. Mtu afanye nini, akaishi angani?

Mchana mama yake, Azeta, akapiga simu kutoka Abobo, na nyuma yake kulikuwa na kelele kama za harusi.

"Mwanangu! Nimekuona!"

"Mama, mbona kelele hivyo?"

"Majirani hao! Tangu jana hawajaniacha nikalala. Wanasema mtoto wetu hajatusahau. Unamkumbuka mama Akissi, yule wa nyumba ya kona?"

"Aliyekuwa akitwambia tuondoe vitunguu vyetu vya kuuza barazani kwake?"

"Huyo huyo! Kaniletea kuku. Mzima! Anasema, Azeta, kumbe sisi ndugu. Nikamwambia miaka yote hii ulikuwa unangoja mwanangu aimbe kwenye televisheni?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akagundua mwanawe hacheki. "Rasmane. Una nini?"

Akamweleza. Akamweleza na lile alilokuwa hajamwambia mtu: kwamba kocha Somda alimwita baada ya chai akamwambia wakubwa wa shirikisho la soka wamepiga simu, na wamekasirika. Kesho mbele ya waandishi wa habari Rasmane aseme alikosea, aombe radhi kwa taifa, aseme wimbo ule hauna maana yoyote kwake. Akikataa, Jumamosi atakaa jukwaani na suti, na huenda asiitwe tena.

Azeta inaelekea alitoka nje. Zile kelele za nyuma zikapungua.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sijui mambo ya mpira. Lakini baba yako kalala kwenye udongo wa huku. Siku ile tunamzika, walisimama watu wa huku na watu wa kwetu, wote. Ukisema hauna maana, utakuwa umesema uongo, na mimi sikukulea kwa uongo. Nenda kule useme ukweli. Wakikufukuza, njoo uuze vitunguu, mgongo unao."

"Mama, nataka kucheza."

"Najua unataka kucheza," akasema kwa upole. "Najua, baba."

Ukweli ni kwamba Rasmane alitaka kucheza kuliko alivyotaka kula. Na si kucheza popote. Alitaka jezi ile ya kijani na nyekundu, kwa sababu utoto wake wote alisikia habari za Garango, za shangazi asiowajua na mashamba ya karanga, mpaka akaipenda nchi ambayo alikuwa hajawahi kuikanyaga. Wakodivaa walikuwa wamemwita kwenye timu yao ya vijana, akashukuru, akakataa. Haya sasa, hayo nani atamweleza nani?

Jioni hiyo nahodha aliingia chumbani bila kubisha hodi. Yaguibou ni mtu wa Tiebele, huko kusini mpakani mwa Ghana, Mgurunsi wa kuzaliwa, mrefu, sauti nzito, na tangu Rasmane atie mguu kambini hajawahi kumwita kwa jina. Wagurunsi na Wabissa ni watani. Utani wao ni mzito, wa tangu mababu: Mgurunsi humwambia Mbissa mla karanga, Mbissa humwambia Mgurunsi mla mbwa, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtani akisimama katikati ya ugomvi, ugomvi unakwisha, upende usipende. Hata msibani hawaachi. Siku ya kumzika baba yake, Rasmane aliona kwa macho yake mzee mmoja Mgurunsi wa Abobo akimwaga karanga kando ya jeneza na kupiga kelele, "Amka mlafi we, hizi hapa, unajifanya umekufa!" Mama yake, aliyekuwa analia toka alfajiri, akacheka na machozi yakimtoka.

"Mtumwa wangu," alisema Yaguibou, "mbona umenuna kama umenyang'anywa gunia la karanga?"

"Kapteni, leo niache."

"Nikuache nani akulishe?" Akajibwaga kwenye kiti. "Somda kaniambia. Utasema?"

"Siwezi kusema wimbo ule hauna maana. Nitakuwa mwongo."

"Na kucheza Jumamosi unataka?"

"Nataka mpaka naumwa tumbo."

Yaguibou alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza Rasmane akamwona hana utani usoni. Alionekana anataka kusema kitu, akaghairi, akasimama.

"Kesho usifungue mdomo mpaka nikuruhusu," alisema. "Lini mtumwa akaongea kabla ya bwana wake?"

Chumba cha waandishi kesho yake kilijaa mpaka mlangoni. Kocha Somda alikaa upande mmoja, anajifuta jasho. Rasmane alikaa katikati. Yaguibou akaingia wa mwisho, na mkononi ana mfuko wa plastiki wa karanga za kukaanga. Akauweka mbele ya Rasmane, akaufungua polepole, akavuta kipaza sauti.

"Ndugu zangu waandishi," alisema kwa sauti ya msibani, "nimekuja kuwaomba radhi kwa ajili ya mali yangu."

Watu wakatazamana.

"Mnajua mkataba wa mababu. Mbissa ni mtumwa wa Mgurunsi. Kule Abidjan nilifanya uzembe, nikamwacha huyu na njaa tangu asubuhi. Wale Wakodivaa ni wajanja! Wakapitisha karanga mbele ya pua yake. Jamani, Mbissa akinusa karanga ataimba wimbo wa nchi yoyote ile, hata ya mwezini. Kosa ni la mwenye mali. Mkitaka kumzomea mtu Jumamosi, nizomeeni mimi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Somda aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Lakini mwandishi mmoja wa safu ya kwanza, mwenye miwani, hakucheka.

"Kapteni, hili ni suala la taifa. Watu wameumia. Sio jambo la mzaha."

"Kweli kabisa," alisema Yaguibou kwa heshima zote. "Samahani, kaka, jina lako nani?"

"Seydou Bambara."

"Bambara wa wapi?"

Yule bwana akasita. Aliliona shimo, lakini alikuwa ameshalifikia. "Wa Beguedo," alisema kwa sauti ndogo.

"Mbissa!" Yaguibou alinguruma, na chumba kizima kikalipuka. "Jamani, wako wangapi humu? Nani kawaacha waingie? Njoo, mwanangu, kinga mkono. Ndiyo maana una hasira, hujala!" Akazunguka meza akammiminia karanga kiganjani, na yule Bambara angefanya nini? Mtani kakushika, umekwisha. Alitafuna moja, akajaribu kununa huku anatafuna, ikamshinda. Akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Sasa mtumwa wangu anaweza kuongea," alisema Yaguibou, akakaa.

Macho yote yakamgeukia Rasmane. Alitazama zile karanga, akamtazama nahodha, na kumbe jibu lilikuwa limekaa kooni tangu utotoni, lilelile walilorushiana baba yake na yule mzee wa Abobo kila Ijumaa mlangoni.

"Msimsikilize huyu," alisema. "Mnafikiri bao la Abidjan alilifungaje? Nyuma ya goli palikuwa na mbwa wa polisi, mnene, manyoya yanang'aa. Mimi nilipiga krosi yangu. Yeye wala hakuuona mpira. Alikuwa anamrukia mbwa."

We acha tu! Watu walipiga meza. Mpiga picha mmoja aliweka kamera chini akashika mbavu. Yaguibou mwenyewe alijifunika uso kwa jezi, na Somda alilazimika kutoka nje kidogo. Hakuna aliyemfundisha Rasmane kujibu vile kambini. Kijana asiye wa nchi ile angekasirika, au angecheka tu asijue pa kushika. Waandishi walilielewa hilo bila kuambiwa.

Wakati wanajipangusa machozi, Bambara akainua mkono tena, safari hii kwa upole. "Mdogo wangu, utani tumeupokea. Lakini wewe mwenyewe unasemaje?"

"Niliimba, kaka. Wimbo ule nimeuimba kila Jumatatu nikiwa shule. Baba yangu kazikwa kule, mama yangu anauza vitunguu kule. Siwezi kuziombea radhi Jumatatu zangu zote." Akaigusa ile nembo ya farasi kifuani. "Lakini jezi hii niliichagua mwenyewe, na akili zangu timamu. Hakuna aliyenishika mkono. Naomba niichezee. Na wimbo wetu najifunza, ni mrefu jamani!"

"Hata mimi beti za mwisho sizijui," alisema mtu fulani huko nyuma, na kikao kikafungwa hapo.

Wale wakubwa walipiga simu tena mchana. Somda aliisikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Mwisho akasema, "Mzee, mtani wake kaingilia. Mimi nifanye nini?" Na mzee wa upande wa pili, inasemekana, akaguna tu, akakata simu.

Jumamosi jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Katika njia ya kutokea, wachezaji wakiwa wamejipanga na Waghana pembeni, Yaguibou alimvuta Rasmane kutoka nyuma kwenye mstari akamweka ubavuni mwake. "Simama hapa nikuone," alisema. "Mdomo wako siuamini."

Walipotokeza kwenye mwanga, Rasmane alisubiri kuzomewa. Alisikia miluzi kweli, ya hapa na pale. Kisha kitu kidogo kikamgonga begani, kingine kichwani, kingine sikioni. Alitazama juu. Jukwaa zima la upande wa kusini lilikuwa linamrushia karanga! Wamama, wazee, vijana waliojipaka rangi ya jezi, kila mtu anarusha na kupiga kelele, "Kula, mtumwa! Kula ushibe!" Ile miluzi ikamezwa na vicheko. Rasmane aliinama, akaokota moja kwenye nyasi, akaimenya, akaitia mdomoni. Uwanja ulilia kama wamefunga bao. Alihisi furaha inampanda toka miguuni, nzito, ya kutaka kulia, na hakuificha.

Wakajipanga. Ukapigwa wimbo wa wageni kwanza, wimbo wa Ghana. Rasmane alibana midomo kwa nguvu zote. Safari hii isingetoka hata pumzi. Hapo ndipo aliposikia sauti.

Ilitoka kushotoni kwake, chini kabisa, nzito, ya kunong'ona. Ilikuwa inaimba. Kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kukosea. Aligeuza macho tu, shingo ikabaki palepale. Nahodha wa Burkina Faso alikuwa amefumba macho, kidevu kimeinuka, na midomo inacheza, taratibu, kwa raha zake.

Lo! Rasmane alitazama mbele. Kamera ilikuwa inakuja, inapita uso baada ya uso kutoka mwisho wa mstari, na ile skrini kubwa ya uwanja inaonyesha kila mmoja. Beki wa kati. Kiungo. Kipa. Waliobaki ni yeye, halafu nahodha. Kumwambia hawezi, kumgusa hawezi. Kelele zote za wiki ile zilimpitia kichwani, diaspo, rudi kwenu, ule mkonga. Yeye walikuwa wamemsamehe kwa shida. Nahodha je?

Akapaliwa.

Alikohoa kikohozi cha kupasua kifua, akapepesuka mbele ya nahodha na kumziba uso mzima, anajipiga kifua, macho yamemtoka. Mpiga kamera akamganda yeye. Kwenye skrini, mbele ya watu wote wale na televisheni za nchi mbili, akaonekana Rasmane Gampine anakohoa makombo ya karanga katikati ya wimbo wa taifa la watu. Jukwaa la kusini halikuweza kujizuia. "Zimempalia! Mlafi zimempalia!" Hata Waghana wawili walicheka kwa pembe ya mdomo. Picha hiyo ingesambaa jioni, alijua, na pengine wangemchorea mnyama mwingine.

Wimbo ukaisha. Rasmane akarudi mstarini, anajifuta midomo. Yaguibou alikuwa amefumbua macho, ametulia tuli kama nguzo, lakini sikio moja limemwiva kwa aibu.

"Wapi?" Rasmane alinong'ona bila kugeuka.

"Navrongo," nahodha alijibu bila kugeuka. "Nililelewa kwa mjomba, ng'ambo ya mpaka. Darasa la kwanza mpaka la sita."

"Kila Jumatatu?"

"Kila siku, bwana. Wale hawakuwa na mchezo."

Rasmane alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Alihisi mkono mkubwa umemshika shingoni kwa nyuma, umekaza.

"Nyamaza sasa," alisema Yaguibou. "Wetu unaanza."

Bendi ikapiga. Wakaimba wote wawili, kwa sauti, mabega yamegusana. Walipofika mahali ambapo Rasmane hakuwa na uhakika wa maneno, alimtegea sikio nahodha ili amfuate, akagundua kwamba nahodha naye ametega sikio lake, anamsubiri yeye.